Kamera yangu inadanganya, au anga limechafuka kweli?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Kigamboni, upande wa bahari kuu, na kazi yangu ni picha za harusi na sendofu. Usiku nisipokuwa na kazi napiga nyota. Miaka mitano iliyopita Njia ya Maziwa ilikuwa inatoka vizuri hata kwa lenzi ya kawaida. Sasa upande wa mjini anga ni jeupe, na nyumba za wageni zilizojengwa ufukweni zinamulika mpaka mchangani. Wazee wanasema kasa walikuwa wanataga hapo. Nataka kupeleka picha zangu serikali ya mtaa, lakini rafiki yangu, naye mpiga picha, ananicheka. Anasema ukiiacha kamera wazi sekunde 30 hata stoo ya mkaa itaonekana kama ukumbi wa harusi. Nani mkweli kati yetu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako amesema kweli, ila ameisema nusu.

Jicho la mtu halikusanyi mwanga. Kila sehemu ndogo ya sekunde linamwaga lilichopata na kuanza upya, ndiyo maana ukishazoea giza unaweza kukodoa macho saa nzima na nyota zisiongezeke. Kamera inakinga, kama ndoo chini ya bati mvua ikinyesha. Ukiiacha sekunde 30 itajaa mwanga ambao jicho halikuupata kamwe. Hata anga la Ruaha, mbali na kila mji, lina mwanga wake wa asili, kwa sababu hewa ya juu kabisa hung'aa yenyewe kidogo usiku kucha, na kamera ikiachwa vya kutosha itauonyesha. Kwa hiyo ukiingia ofisi ya mtaa na picha moja ya anga jeupe, hujathibitisha kitu.

Lakini ndoo ile ile, chini ya bati lile lile, kwa muda ule ule, katika mvua mbili tofauti, tayari ni kipimo cha mvua. Hapo ndipo rafiki yako alipoishia njiani. Unachohitaji ni picha mbili zinazoweza kukaa meza moja bila kuoneana haya.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishaumbuka. Miaka mingi nyuma nilipeleka picha mbili kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha pwani, zote zimepigwa saa nne usiku, mahali pamoja, kamera ikitazama baharini, zikipishana mwaka na kitu. Ya kwanza anga lilikuwa jeusi limejaa nyota. Ya pili lilikuwa la kijivu chenye ubluu, nyota za kuhesabu. Nikawaambia: mnaona taa nyeupe zilivyotufanya? Watu wakaguna vizuri, nikafurahi. Mzee mmoja mvuvi akaziomba, akazishika moja kila mkono, akatazama chini badala ya juu. Akasema: "Hii maji yametoka mpaka mwambani. Hii maji yapo karibu na ngalawa. Saa ni moja, pwani ni moja. Basi mwezi si mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye pwani hii, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi na kukupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hugeuka, saa nne ya usiku maji yanakuwa yamejaa, ingawa si sana. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya giza la mwezi mwandamo, ya pili ilikuwa ya siku ya tisa tangu mwezi kuandama. Nusu mwezi ulikuwa nyuma yangu, upande wa bara, hauonekani kwenye picha lakini umelimulika anga lote. Mimi nililaumu taa. Mzee hakuwahi kushika kamera, ila kwenye picha zangu alisoma tarehe niliyosahau kuiandika.

Kwa hiyo anza na mwezi. Piga kati ya siku ya 27 ya mwezi wa mwandamo na siku ya 3 ya ule unaofuata, saa nne usiku. Jua kwetu huzama wima, kwa hiyo ikifika saa mbili na robo usiku mabaki ya machweo yamekwisha kabisa mwaka mzima, tofauti na Ulaya ambako kiangazi yanaweza kubaki angani mpaka alfajiri. Na ukipiga muda huo siku za giza, maji yatakuwa yametoka kwenye picha zako zote. Bahari yenyewe inakutia saini.

Sehemu ya kusimama iwekee alama: jiwe, kisiki cha mnazi, kona ya ukuta. Kamera ile ile, lenzi ile ile. Tuseme ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 15. Namba zenyewe si Msahafu, chagua zako, ila ukishachagua usizibadilishe hata anga likionekana baya. Mizani ya rangi ifunge, nitaeleza kwa nini. Hifadhi faili ghafi, ile ambayo menyu ya kamera inaiandika RAW, maana JPEG ni picha ambayo kamera imeshaipika: imeinua giza na kupunguza ukali inavyoona inafaa. Katika faili ghafi mwanga ukiwa mara mbili, namba nayo inakuwa mara mbili, mpaka pale ndoo inapojaa. Piga picha tano, nne kwa pande nne za dunia na moja kamera ikitazama juu kabisa. Ile ya juu inakuambia hali ya anga kwa jumla. Zile za pembeni ndizo zinazokuambia mwanga unatoka wapi, na kwako wewe mwanga wa mjini utakuwa kaskazini-magharibi. Malizia na moja lenzi ikiwa imefunikwa, kwa mipangilio ile ile, ili upate weusi wa kamera yenyewe. Nyumbani unatoa weusi huo kwenye hesabu. Kipande cha anga kisicho na nyota kubwa kikisoma 200 mwaka huu na 400 mwaka kesho, hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Simu? Hapana. Ile hali ya usiku ya simu inaunganisha picha nyingi, inapaka mwanga inapotaka, na hutajua ilichokifanya. Kama huna kingine, tumia simu yenye hali ya kuweka namba mwenyewe na kutoa faili ghafi.

Halafu kuna hazina ambayo nadhani umeikalia bila kujua. Picha zako za miaka mitano iliyopita, kama faili zake za asili bado zipo, zimebeba ndani yake tarehe, saa, ISO, sekunde na tundu la lenzi. Kutokana na tarehe utaupata umri wa mwezi. Usihangaike kusubiri miaka mitano mingine: rudi pale pale, mwezi ule ule wa mwaka, giza lile lile, weka namba zile zile, bonyeza. Agosti ni mwezi mzuri kwa hili, maana kitovu cha Njia ya Maziwa kinakuwa karibu juu ya kichwa saa tatu na nusu usiku. Hakikisha tu hali ya hewa inafanana. Mvua ikinyesha mchana, vumbi na moshi huoshwa na anga huwa jeusi zaidi usiku huo bila taa hata moja kuzimwa.

Mawingu wapiga picha wa nyota huyachukia, mimi nayapenda. Mahali pasipo na taa, wingu usiku ni jeusi kuliko anga. Unalijua kwa nyota zinazokosekana. Karibu na mji wingu ni jeupe, kwa sababu linamulikwa kutoka chini. Huko Berlin wanasayansi walichapisha mwaka 2011 vipimo vilivyoonyesha kwamba usiku wa mawingu mazito anga la ndani ya mji linang'aa mara kumi kuliko usiku usio na mawingu. Ukipiga picha ya wingu lililo juu ya zile nyumba za wageni na nyingine ya wingu lililo juu ya bahari kusini kwako, katika usiku mmoja, kwa mipangilio ile ile, mtu yeyote atakuelewa. Jihadhari na mashariki lakini. Siku za giza ndizo siku za dagaa, na boti zikiwasha taa zao upeo wa bahari huwa kama mtaa wa Kariakoo. Mwanga huo usimtwishe mwenye nyumba ya wageni.

Sasa rangi, na hapa ndipo kamera za watu wengi zinapofuta ushahidi wenyewe. Taa za zamani za barabarani za sodiamu zilikuwa za rangi ya chungwa. Za sasa za LED mara nyingi ni nyeupe yenye bluu ndani yake. Mwanga wa bluu hutawanywa na hewa karibu mara tatu kuliko ule wa chungwa, ndiyo sababu ile ile inayofanya anga la mchana liwe la bluu, na macho yetu usiku yanauhisi zaidi. Taa mbili zenye nguvu sawa, moja nyeupe na moja ya njano, hazichafui anga sawa. Ukiiacha kamera ijichagulie mizani ya rangi, inajitahidi kufanya kila kitu kionekane cha kawaida: ya chungwa inaisukuma kwenye weupe, nyeupe inaitia joto, na picha zako za miaka miwili zinafanana kama mapacha wakati mtaa mzima umebadilishwa taa. Ifunge kwenye 4000 ya Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, basi.

Mfano maarufu ni Milan, Italia. Wanaanga waliokuwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa waliupiga picha mji huo mwaka 2012 na tena 2015, na kati ya miaka hiyo katikati ya mji ilikuwa imebadilishiwa taa. Katika picha ya kwanza mji ni kaa la moto. Katika ya pili kitovu kimekuwa cheupe cha barafu na viunga bado vina rangi ya chungwa. Hizo ni kamera za kawaida za kushika mkononi, zinaona bluu kama yako. Setilaiti ya Suomi NPP iliyorushwa 2011, ambayo picha zake ndizo zile ramani za dunia ya usiku unazoziona kila mahali, kifaa chake cha usiku hakioni bluu. Mji ukitoka sodiamu kwenda LED, kwake unaweza kuonekana umepunguza mwanga. Tena kinatazama kutoka juu, kwa hiyo mwanga unaotoka kwa ubavu, madirishani na kwenye mabango, mwingi unakipita.

Tofauti hiyo si ndogo. Hesabu za setilaiti za 2012 mpaka 2016 zilionyesha mwanga wa dunia ukikua kwa takriban asilimia 2 kwa mwaka. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti uliotumia macho ya watu wa kawaida, zaidi ya taarifa 50,000 za waliotoka nje na kulinganisha nyota walizoziona na ramani, nyingi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kuanzia 2011 hadi 2022. Wao walikuta anga likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa pahali panapoonekana nyota 250 atafikisha miaka 18 akiziona kama 100.

Kwa hiyo usidharau macho. Kamati ya mtaa inaweza isiamini faili ghafi, lakini macho ya watoto wake itayaamini. Tumia Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Wazee wetu walikuwa nacho kalenda ya shamba: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kuanzia Novemba hadi Februari kinaonekana jioni. Chini ya anga safi mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita, wengine saba. Nyota ya kwanza ya kundi hilo inang'aa vya kutosha kuhimili taa za mji, ile ya sita haihimili. Waweke watoto kumi ufukweni, macho yazoee giza dakika 20, kila mmoja ahesabu peke yake na anong'one jibu lake. Kisha wapeleke karibu na barabara ya lami wahesabu tena. Andika.

Tuje kwa kasa, kwa sababu nadhani huko ndiko moyo wako uliko.

Picha kali kuliko zote za jambo hili haipigwi usiku. Watoto wa kasa huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi, na hutoka mchangani usiku. Wanatafuta upeo ulio chini na wenye mwanga, na kuupa mgongo weusi ulioinuka wa vichaka na minazi. Tangu kasa awe kasa upeo huo ulikuwa bahari. Taa ya baraza ikiwa na mwanga zaidi ya bahari, wanapanda barazani. Asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla watu hawajakanyaga, alama zao zimebaki mchangani. Pasipo na taa, alama zinafunguka kutoka kwenye kiota kama upepeo mwembamba wa kupepea jiko, ncha pana ikielekea majini. Penye taa upepeo unapanuka, alama zinazunguka, zinarudi, nyingine zinaishia kwenye majani makavu chini ya ukuta ambako kaa na kunguru wamefika kabla yako. Simama juu ya kiota bila kukikanyaga, laza fimbo mchangani ikionyesha njia fupi kabisa ya kwenda majini, piga picha kutoka juu. Jua la asubuhi likiwa bado chini litazichora kila alama kwa kivuli chake. Pembe ya upepeo, na umbali wake kutoka kwenye fimbo, ni vitu vinavyopimika kwa rula ya shule.

Usiku piga moja tu: weka kamera juu ya mchanga wenyewe, lenzi iwe kimo cha kiganja, itazame nchi kavu. Hapo unaona anachokiona kasa. Kama globu yenyewe inaonekana kutoka pale, tatizo unalo, haijalishi anga likoje. Usiwashe flashi, usimulike kasa anayepanda kutaga. Akishtuliwa na mwanga hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Na viota usitafute peke yako. Shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na walinzi wa viota wa vijijini katika pwani yetu, Mafia ikiwemo. Watu kama hao wanajua wapi pa kusimama.

Kitu kimoja lazima nikuonye. Picha mbili zinasema nini kimebadilika. Kwa nini kimebadilika, hazisemi. Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Klute na Oehler, waliupima Kilimanjaro kwa picha, na barafu waliyoiona ilikuwa kama kilomita za mraba 11.4. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki 1.76. Jozi hiyo haina ubishi. Lakini watu huishika kama jibu la kila kitu, wakati kwenye ile hewa ya juu ukavu na upungufu wa theluji vimekula barafu sana, na kupungua kulianza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwako pia: kasa kupungua kunaweza kuwa taa, kunaweza kuwa nyavu, kunaweza kuwa waliokula mayai miaka 30 iliyopita. Picha ya anga haijui hayo. Picha ya alama mchangani inajua taa tu. Sema kile ambacho kila picha inakijua, usiongeze.

Vivyo hivyo na ile mistari myeupe inayokatiza picha zako saa za mwanzo wa usiku. Tangu Mei 2019, Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walipoanza kurusha setilaiti zao 60 kwa mkupuo, imekuwa ya kawaida. Programu za kuunganisha picha zinaifuta yenyewe. Kwa picha ya ukutani sawa, kwa kumbukumbu iache.

Ukifika ofisi ya mtaa, tafadhali usiseme zima taa. Mama anayerudi kutoka kuuza samaki saa tatu usiku hawezi kukuelewa, na mimi niko upande wake. Kwetu giza lina historia yake, umeme umefika juzi tu. Omba vitu vya dukani. Taa ifungwe kofia, mwanga uende chini kwenye njia, maana unaokwenda juu mwenye taa ameulipia luku bure. Globu isiwe ile iliyoandikwa 6500 kwenye boksi, ambayo ndiyo imejaa madukani, iwe ya 2700 au chini yake, yenye rangi ya njano. Inayotazama bahari izimwe saa nne msimu wa kutaga. Kwa wale waliojenga karibu mno, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini hiyo iache kwenye mfuko wa ndani. Ukianza nayo, mwenye nyumba atamtafuta wakili kabla hajatafuta kofia ya taa. Mwombe akuruhusu ufunge kofia moja kwa usiku mmoja, mtengeneze hata kwa bati, kisha mpigie picha mbili, kabla na baada, kamera ikiwa mchangani. Nimeona hilo likimbadilisha mtu asiyesikia hotuba.

Na kabla ya siku ya mkutano zionyeshe picha zako zote kwa mvuvi mmoja mzee, bila kumtajia tarehe. Mwache atazame maji.